Amana ya Maziwa: Nani Huitia Sumu Riziki ya Mtoto?

Imepokewa katika tarehe ya Kiislamu kwamba, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), msafara wa wafanya biashara uliingia Madina usiku, ukatua karibu na mahali pa kusalia. Sayyidna Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf (R.A.) kwenda kuulinda. Wakiwa katika ulinzi wao wakasikia mtoto mchanga analia. Umar akamwendea mama yake, akamwambia amche Mwenyezi Mungu na amtazame vyema mwanawe, kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, naye akaenda tena. Mwisho wa usiku akalia mara ya tatu, ndipo Umar alipomkemea yule mama, akamuuliza ni mzazi wa namna gani ambaye mtoto wake hatulii usiku kucha.

Yule mama hakumjua anayesema naye. Akajibu kwamba anajaribu kumwachisha ziwa mtoto, naye mtoto hataki. Alipoulizwa sababu ya haraka hiyo, akasema kwamba Umar hatoi posho ya Baitulmali ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa. Na mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi michache tu.

Alfajiri ilipoingia, Sayyidna Umar aliwasalisha watu, na wasifahamu vyema kisomo chake kwa sababu ya kilio. Alipotoa salamu alijilaumu mbele ya watu wote kwa ajili ya watoto wa Waislamu ambao huenda wamekufa kwa sababu ya amri yake. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watu wasifanye haraka kuwaachisha ziwa watoto wao, kwani tangu siku ile kila mtoto atapewa posho tangu anapozaliwa. Akaandika amri hiyo ipelekwe katika miji yote.

Zingatia, ndugu msomaji, jinsi kisa hiki kilivyoanza na jinsi kilivyomalizika. Kilianza kwa mtawala kumlaumu mama, kikamalizika kwa mtawala kujilaumu mwenyewe. Mama hakuwa mwenye kosa. Kosa lilikuwa katika utaratibu uliomzunguka, na aliyeweza kuutengeneza ni yule aliyeuweka. Tuishike nuru hii mkononi, kwani tutaihitaji katika safari yetu ya kutazama yaliyoisibu riziki ya mtoto mchanga katika miaka mia na hamsini iliyopita: ndani ya kopo, na hata ndani ya ziwa lenyewe.

SHERIA YA MAZIWA

Katika Sura al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa yule anayetaka kutimiza kunyonyesha. Wengi wetu twaijua sehemu hiyo ya aya na kuishia hapo. Lakini aya inaendelea. Inamlazimisha baba chakula na nguo za mama kwa wema. Inakataza mama asitiwe dhara kwa ajili ya mtoto wake, wala baba kwa ajili ya mtoto wake. Inataka kumwachisha ziwa mtoto kuwe kwa ridhaa na mashauriano ya wazazi wawili. Na inaruhusu kutafuta mnyonyeshaji mwingine, akalipwa haki yake. Basi aya moja juu ya maziwa imewaweka watu wengi kizimbani: baba, mrithi wake, na mnyonyeshaji, wala haikumwachia mama peke yake mzigo huo.

Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alinyonyeshwa na Bibi Halima wa kabila la Banu Saad, katika hewa safi ya jangwani. Na maziwa yana uzito mkubwa katika sheria hata yakafanya udugu: kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, manyonyo matano kabla ya kutimia miaka miwili humharimisha mtoto na jamaa za mnyonyeshaji kama ilivyo kwa nasaba.

Matabibu wa Kiislamu nao hawakulala. Ibn Sina, katika kitabu chake al-Qanun alichokimaliza yapata mwaka 1025, alisema kwamba maziwa ya mama ni bora kuliko yote kwa mtoto, akataja muda wa miaka miwili, na akaeleza kwa urefu chakula cha mnyonyeshaji, kwa kuwa alijua kwamba kinachoingia kinywani mwa mwanamke kina njia ya kufika kinywani mwa mtoto. Neno hilo la karibu miaka elfu iliyopita ndilo tutakalolirudia mbele.

KILICHOMO NDANI YAKE

Mjerumani Johann Franz Simon alitoa mwaka 1838 uchunguzi wa kikemia wa maziwa ya mwanamke, na tangu hapo wataalamu wameyapima na kuyapima tena. Katika sehemu mia za maziwa ya mama, karibu 87 ni maji, ndiyo maana mtoto anayenyonya hahitaji maji mengine katika miezi sita ya mwanzo, hata katika joto letu la kaskazi. Karibu sehemu 7 ni sukari ya maziwa, karibu 4 ni mafuta, na moja tu ni protini. Maziwa ya ng'ombe yana protini zaidi ya mara tatu ya hizo, na chumvi nyingi zaidi, lakini sukari yake ni kidogo. Ndama husimama kwa miguu yake siku ile ile anayozaliwa, na ahitaji nyama na mifupa upesi. Mwanadamu hukawia kusimama, lakini ubongo wake hukua kwa kasi kubwa, nao huhitaji sukari na mafuta. Kila kiumbe amepimiwa chake.

Maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano tunayoyaita dang'a, katika jamii nyingi za dunia yamekuwa yakikamuliwa na kumwagwa, yakidhaniwa kuwa ni uchafu, na jamii zetu hazikusalimika na jambo hilo. Kumbe dang'a imejaa kinga. Ndani yake mna askari wa mwili wanaotanda katika utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu visipenye. Na askari hao mama huwatengeneza kwa kufuata maradhi ya mahali pale anapoishi yeye na mtoto wake. Hapana kiwanda kinachoweza kumjua jirani wa mtoto wako na kikohozi chake, ila mwili wa mama yake.

Lakini si haki kusema kwamba maziwa ya mama hayana pungufu. Vitamini D ndani yake ni kidogo, kwa sababu Muumba ameiweka katika mwanga wa jua, na mtoto anayefungiwa ndani siku zote huikosa. Chuma nacho ni kidogo, ingawa mtoto hukifyonza vizuri, na ndiyo sababu baada ya miezi sita inapasa aanze kupewa uji, samaki na mboga pamoja na ziwa.

KOPO LAINGIA

Mwaka 1865 mwanakemia mashuhuri wa Ujerumani, Justus von Liebig, alitangaza chakula cha watoto alichokichanganya kwa maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano, kimea na chumvi ya potasi, akiamini kwamba amekifananisha na maziwa ya mama. Mwaka 1867 Henri Nestlé, mzaliwa wa Frankfurt aliyehamia Vevey katika Uswisi, akaanza kuuza unga wake wa maziwa, ngano na sukari. Nia ya watu hawa haikuwa mbaya. Miji ya Ulaya wakati ule ilijaa viwanda, wanawake wakifanya kazi mchana kutwa mbali na watoto wao, na watoto wakifa kwa wingi.

Ila walisahau jambo moja: mizani ya mwanakemia hupima kile anachokijua tu. Liebig alijua protini, mafuta, sukari na chumvi. Vitamini hakuzijua, kwani hata jina hilo halikutungwa mpaka mwaka 1912. Mwaka 1883 daktari Thomas Barlow wa London akaeleza juu ya watoto waliovimba miguu, wakilia kila waguswapo, ufizi ukitoka damu. Ulikuwa ugonjwa wa kiseyeye, ule wa mabaharia wa safari ndefu, nao uliwapata watoto wa nyumba zenye uwezo waliolishwa vyakula vya kopo.

Usidhani kwamba hayo ni ya zamani za ujinga. Mwaka 1978 watengenezaji wa maziwa ya soya yaitwayo Neo-Mull-Soy katika Marekani walipunguza chumvi, wakidhani kwamba wanafanya vyema. Kwa kufanya hivyo waliondoa kloridi, jambo ambalo mwili wa mtoto hauwezi kuliacha. Mwaka 1979 watoto walianza kuonekana hospitalini, hawakui na hawali. Serikali ya Marekani ikatunga sheria mwaka 1980 ya kulazimisha viwango vya kila kirutubisho katika maziwa ya kopo. Kila ukurasa wa sheria za aina hii, ndugu msomaji, nyuma yake pana kitanda cha mtoto mgonjwa.

CHUPA KATIKA NYUMBA YA MASKINI

Bidhaa iliyozaliwa Ulaya ikavuka bahari. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alifanya kazi Ghana, iliyoitwa wakati ule Gold Coast, na huko ndiko alikoueleza mwaka 1933 ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa upesi, ambao baadaye aliupa jina lile lile walilotumia wenyeji, kwashiorkor. Kisha akahamishiwa Malaya. Mwaka 1939 alisimama Singapore mbele ya wakubwa wa mji, akasema wazi kwamba maziwa matamu ya kopo waliyokuwa wakipewa watoto wachanga yanaua, na kwamba wenye kuwapotosha akina mama wahesabiwe kuwa wauaji. Maziwa yale yalikuwa na sukari tele, wala hayakumfaa mtoto mchanga hata kidogo.

Hakusikilizwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni za maziwa zilikwenda mbali zaidi. Ziliajiri wanawake, zikawavika nguo nyeupe kama wauguzi, zikawatuma katika wodi za wazazi wakiwa na makopo ya bure. Na hapa pana hila ambayo yapasa kila nyumba iifahamu. Ziwa hutoa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akishiba chupa, halinyonyi ziwa, na ziwa likikaa siku kadhaa bila kunyonywa hupunguza maziwa, kisha hukauka. Kopo la bure likiisha, mama hana tena ziwa, naye analazimika kununua. Pesa zikipungua, anatia unga kidogo katika maji mengi. Maji yenyewe ni ya kisima, kuni ni ghali, chupa imeoshwa haraka. Mtoto huharisha, hukonda, hufa, na mama huambiwa kwamba hakufuata maelezo yaliyoandikwa katika kopo.

Hapo lile shauri la Sayyidna Umar lilirudi. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu cha Mike Muller kilichofichua biashara hiyo. Kikundi cha Uswisi kilipokitafsiri kwa Kijerumani na kukipa kichwa cha habari chenye kuituhumu Nestlé kwamba inaua watoto, kampuni hiyo ilikwenda mahakamani Bern. Mwaka 1976 ilishinda, na washitakiwa wakatozwa faini ya faranga 300 kila mmoja. Lakini hakimu aliiambia kampuni ifikirie upya njia zake za kutangaza bidhaa. Mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa zake. Na tarehe 21 Mei, 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha Kanuni za Kimataifa za kuzuia kutangazwa kwa vyakula vya badala ya maziwa ya mama: nchi 118 zilikubali, na moja tu, Marekani, ilikataa. Katika nchi zetu, Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994, na Kenya ikatunga sheria mwaka 2012.

SUMU NDANI YA KOPO

Mpaka hapa tumesema juu ya upungufu. Sasa tuseme juu ya sumu.

Katika kiangazi cha mwaka 1955, watoto wa magharibi ya Japani walianza kuugua: homa, kuharisha, matumbo kuvimba, ngozi kuwa nyeusi. Madaktari wa Okayama wakagundua kwamba wote walikunywa maziwa ya unga ya kampuni ya Morinaga, kutoka kiwanda chake cha Tokushima. Kiwanda kilitia katika maziwa chumvi ya fosfeti ili yasigande, nacho kilikuwa kimenunua chumvi duni iliyokuwa na aseniki. Zaidi ya watoto 12,000 waliathirika na zaidi ya 100 walikufa. Wakuu wakasema mwaka uliofuata kwamba waliopona wamepona. Lakini profesa Maruyama wa Osaka na wenziwe walikwenda nyumba kwa nyumba, na mwaka 1969 wakaonyesha kwamba wengi walibaki na madhara. Hapo ndipo wazazi walipopata haki ya kusikilizwa, baada ya miaka 14.

Ama la Uchina ni zito zaidi, kwa kuwa halikuwa la kughafilika. Mwaka 2008 ilidhihirika kwamba maziwa ya unga ya kampuni ya Sanlu, katika mkoa wa Hebei, yametiwa melamini, kemikali ya kutengenezea sahani na vikombe vya plastiki. Sababu yake ilikuwa hivi: wauzaji wa maziwa walizidisha maji ili kuongeza ujazo. Maziwa yakawa mepesi, na kiwanda hupima protini kabla ya kununua. Lakini kipimo chenyewe hakioni protini. Huona naitrojeni, kisha hukisia protini kwa hiyo. Melamini imejaa naitrojeni. Wakaitia, na maji yakapita mbele ya mizani yakiitwa maziwa. Katika figo za watoto ikafanya mawe. Watoto wapatao 300,000 waliathirika, na serikali ilitaja vifo 6. Malalamiko yalikuwa yameifikia kampuni tangu Desemba 2007, lakini umma haukuambiwa mpaka Septemba 2008. Mwaka 2009 watu wawili waliuawa kwa hukumu ya mahakama, na mkuu wa kampuni akafungwa maisha.

Ndugu msomaji, kisa cha maji katika maziwa si kigeni kwetu. Ni Sayyidna Umar yule yule ambaye usiku mmoja, akizunguka Madina, alimsikia mama akimwamrisha binti yake achanganye maziwa na maji kabla ya kuyauza. Binti akamkumbusha kwamba Khalifa amekataza. Mama akasema Khalifa hayupo kuwaona. Binti akajibu kwamba ikiwa Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Asubuhi yake Umar hakumtafuta yule mama amwadhibu. Alimtafuta yule binti, akamwoza mwanawe Asim, na katika kizazi hicho akatoka Khalifa mwadilifu Umar bin Abdul Aziz.

Kipimo cha mwanakemia kinaweza kudanganywa, kama kilivyodanganywa Hebei. Ukaguzi unahitajika, na sheria inahitajika, lakini mkononi mwa yule anayemimina maziwa usiku, peke yake, hapana mkaguzi ila khofu ya Mungu. Umma usiolea mabinti wa aina ile utanunua mashine za kupimia mpaka uchoke.

SUMU NDANI YA ZIWA

Huenda mtu akasema: basi tuache kopo, turudi katika ziwa, na shauri limekwisha. Laiti lingekuwa jepesi hivyo.

Kati ya mwaka 1955 na 1959, katika majimbo ya kusini mashariki ya Uturuki, wakulima walipewa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya kuzuia ukungu, heksaklorobenzini. Njaa ilikuwapo, na ngano ile ikasagwa ikafanywa mkate. Maelfu ya watu waliugua ngozi. Lakini waliokufa zaidi walikuwa wale ambao hawakuonja hata chembe ya mkate ule: watoto wachanga wa mama walioula. Ngozi yao ilitoka vidonda vya rangi ya waridi, na wenyeji wakauita ugonjwa huo pembe yara, yaani kidonda cha waridi. Vipo vijiji ambavyo karibu watoto wote wachanga walikwisha. Sumu ilikuwa imepita katika maziwa.

Miaka kadhaa baadaye, msiba ukahamia Iraki. Mwishoni mwa mwaka 1971 serikali iligawa shehena kubwa ya mbegu zilizopakwa dawa ya zebaki. Magunia yalikuwa na maonyo kwa Kispania na Kiingereza, lugha ambazo mkulima wa Iraki hakuzisoma. Mbegu zilitiwa rangi nyekundu ziwe alama ya hatari. Watu wakaziosha, rangi ikatoka, wakadhani kwamba sumu nayo imetoka. Wengine waliwajaribu kuku na kondoo kwanza, wasione dhara, kwani zebaki hukaa wiki nyingi kabla ya kujionyesha. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na 459 kati yao wakafa humo. Madaktari wa Baghdad wakaipata zebaki katika maziwa ya akina mama na katika damu ya watoto waliowanyonyesha.

Hiyo ni misiba ya ghafula. Iko sumu nyingine iingiayo polepole. Mwaka 1951, katika Washington, maziwa ya wanawake 32 weusi yalipimwa, na 30 kati yao yalikutwa na dawa ya wadudu ya DDT. Hawakuwa wafanya kazi wa kiwanda cha dawa; waliipata katika chakula na maisha ya kila siku. DDT na jamaa zake haziyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Hukaa katika mafuta ya mwili miaka mingi, na mama anaponyonyesha, mwili huyachukua mafuta hayo kufanyia maziwa, nayo sumu hufuatana nayo. Kenya ilipopima maziwa ya akina mama wa sehemu mbalimbali kati ya mwaka 1983 na 1985, DDT ilionekana pia. Na katika pwani ya Tanzania, huko Vikuge karibu na Kibaha, dawa zilizopitwa na wakati, DDT ikiwemo, zililetwa mwaka 1986 kutoka Ugiriki kwa jina la msaada, zikaachwa mpaka zikaingia ardhini.

JE, MAMA AACHE KUNYONYESHA?

La, hasha. Na jibu hili si la mapenzi tu, ni la hesabu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamelitazama swali hili mara nyingi, na kila mara wamesema kwamba, nje ya misiba kama ile ya Uturuki na Iraki, faida ya ziwa inazidi kwa mbali madhara ya sumu hizo chache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba kama kunyonyesha kungeenea karibu kwa watoto wote duniani, vifo 823,000 vya watoto vingezuiwa kila mwaka. Kopo nalo halikuepukana na dunia hii: ng'ombe hula majani ya ardhi ile ile, na unga huchanganywa kwa maji yale yale.

Tena, ziwa linaweza kusafishwa. Watafiti wa Stockholm wamekuwa wakipima maziwa ya akina mama wa Uswidi kwa miaka mingi. Baada ya nchi kuzuia DDT katika miaka ya 1970, DDT katika maziwa ilishuka mwaka baada ya mwaka. Lakini kemikali nyingine, zitiwazo katika magodoro na vyombo vya umeme ili visishike moto upesi, zilikuwa zikijizidisha mara mbili kila miaka mitano, tangu mwaka 1972 mpaka 1997. Habari hiyo ilipotangazwa, matumizi yake yakapunguzwa, na maziwa yakaanza kutakata. Mwaka 2001, hapo hapo Stockholm, mataifa yakafanya mkataba wa kuzuia kemikali za namna hii. Hivyo maziwa ya mama ni kioo cha nchi. Ukiona doa katika uso wako, huvunji kioo, unaosha uso.

WAJIBU WETU

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Baba, posho ya mama mnyonyeshaji ni deni juu yako kabla ya sadaka yoyote. Samaki, maharage, mchicha na matunda unayoyaleta nyumbani ndiyo maziwa ya mwanao. Samaki wakubwa walao wenziwe, kama papa, hukusanya zebaki kuliko dagaa na vibua, basi mama mja mzito na mnyonyeshaji azidishe wadogo. Dawa ya kuulia wadudu isikae jikoni, wala chupa yake isioshwe ikawekwa mafuta au maji.

Mama na bibi, mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi ambazo nyingi zimekutwa na zebaki hazina nafasi katika nyumba yenye mtoto. Na baadhi ya wanja uuzwao madukani una madini ya risasi. Usimpake mtoto machoni kwa kufuata mazoea. Dang'a isimwagwe. Na yule ambaye kwa ugonjwa au udhuru hana budi kutumia kopo, asihukumiwe na majirani, bali asaidiwe: maji yachemshwe, unga utiwe yangali moto sana, kwa kipimo kamili, kisha yapoe kabla ya kumpa mtoto, na yanayobaki yamwagwe.

Mfanya biashara, maziwa yaliyopita tarehe unayoyarudisha katika rafu, au unayoyafungua na kuyauza kwa vijiko, yatakuwa shahidi juu yako siku ambayo mizani haitadanganywa. Na wewe mwenye cheo, mkubwa au mdogo, unayepitisha shehena bandarini au kugawa dawa mashambani, mkumbuke mkulima wa Iraki na gunia asiloweza kulisoma.

Mtoto mchanga hasomi kopo wala hapimi maziwa. Hufungua kinywa tu, akimwamini kila aliyetangulia kabla ya maziwa kumfikia. Sayyidna Umar alikisikia kilio cha mmoja wao usiku, akatambua kabla ya jua kuchomoza kwamba swali lilikuwa lake yeye. Sisi tunavisikia vilio vingi, basi tusianze kwa kumkemea mama.

Wabillahi tawfiq.